Wa Pili Asiyeshindwa

Ita "Bwambale!" katika soko la Mpondwe, jirani na Bwera, na usishangae wakigeuka watu watano. Wakonzo wa huku magharibi mwa Uganda humpa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo. Wasichana wana safu yao: Masika, Biira, Kabugho, Mbambu, Ithungu. Ukivuka Mto Lhubiriha kuingia Kongo, kwa ndugu zao Wanande, Bwambale anaitwa Kambale.

Mgeni hudhani watu hawa wamepewa namba kama wafungwa. Mimi naona kinyume. Bwambale ni wa pili, lakini hakuna aliyemshinda. Masereka aje na akili za ajabu, hatampiku kwenye nafasi hiyo. Nyumbani kwao nafasi hiyo ni yake, na aliipata kabla hajajua hata kutambaa.

Halafu anapelekwa shule, anapewa namba ya aina nyingine. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi Uganda una masomo manne, kila somo hupimwa kwa daraja la 1 hadi la 9. Aliyefanya vizuri kupita wote hutoka na jumla ya 4. Aliyeanguka kabisa, 36. Matokeo yakitoka, magazeti hujaa picha za wenye 4. Sasa tuseme watoto wote wa Kasese, wilaya yao, wamepata 4: shangwe ingezimika siku hiyohiyo, ingawa hakuna aliyepungukiwa na maarifa hata chembe. Kumbe anayeshangiliwa si aliyejua, ni aliyewaacha wenzake nyuma. Mwanafalsafa Rousseau aliliona hili mwaka 1755: watu walipoanza kukusanyika mbele ya vibanda vyao kuimba na kucheza, kila mmoja akataka kutazamwa, na hapo ndipo ukosefu wa usawa ulipopiga hatua ya kwanza.

Kahendero, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, nako kuna kipimo. Mitumbwi ikirudi, sato na kambare hupandishwa kwenye mizani, na mizani husema kilo, basi. Haisemi nani anajua viboko wanapopita, wala nani hukaa mchana kutwa akimshonea jirani wavu uliochanika. Hodari wa leo kesho hurudi mikono mitupu, na hakuna amwonaye kuwa mtu pungufu. (Aliyemkopesha nyavu labda.)

Nisiipambe mila kupita kiasi. Kifungua mimba ana heshima, na mizigo, ambayo Thembo hapati. Tena jina husema umesimama wapi, halisemi wewe ni nani. Upekee nauona kwingine: Bwambale mmoja akifa, huwezi kuwapelekea wafiwa Bwambale mwingine ukasema pengo limezibwa. Hata kama wanafanana sura na sauti, haiwezekani. Lakini upekee huo haumpi sababu ya kujivuna, maana wale wanne waliogeuka sokoni wanao vilevile.

Wala simkatazi mtoto kuitafuta hiyo 4. Itamfungulia milango ambayo jina halifungui. Ninayemlaumu ni mzazi wa mwenye 28 anayemtuma kuchota maji kila wageni wakija, wasije wakamwuliza matokeo. Mtoto anajua fika kwamba mtungi umejaa tangu asubuhi.