Waliowaficha Wayahudi na Swali la Wajibu

Katika falsafa ya maadili kuna dhana ya tendo lipitalo wajibu, yaani tendo jema ambalo mwenye kulitenda hustahili sifa ilhali asiyelitenda hastahili lawama. Dhana hiyo, iliyofufuliwa na mwanafalsafa Mwingereza J. O. Urmson katika makala yake ya mwaka 1958, ndiyo inayotumiwa na wengi, hata bila kuitaja, wanapowazungumzia watu wa kawaida waliowaficha Wayahudi wakati wa Maangamizi, ambapo Wanazi na washirika wao waliwaua Wayahudi wapatao milioni 6. Taasisi ya Yad Vashem mjini Jerusalem imewatambua waokoaji zaidi ya 27,000 kwa heshima ya Wenye Haki Miongoni mwa Mataifa. Lakini wengi wa waokoaji, walipoulizwa, waliikataa sifa ya ushujaa na kusema kwamba walitenda lililowapasa tu. Kauli hiyo huchukuliwa kuwa ni unyenyekevu, ingawa huenda ikawa ni hukumu sahihi ya kimaadili.

Hoja ya kuipinga ni nzito, na haionekani wazi mahali popote kuliko Markowa, kijiji cha kusini mashariki mwa Poland. Huko, kwa amri ya Wajerumani ya Oktoba 1941, adhabu ya kumhifadhi Myahudi ilikuwa kifo. Wakulima Józef na Wiktoria Ulma, waumini wa Kanisa Katoliki, waliwahifadhi Wayahudi 8, na tarehe 24 Machi 1944 askari wa Kijerumani waliwaua wageni hao wote, kisha mume, mke aliyekuwa mjamzito, na watoto wao 6, ambao mkubwa wao alikuwa hajatimiza miaka 8. Ni nani awezaye kusema kwamba mzazi anawiwa na jirani yake hata uhai wa watoto wake mwenyewe?

Hata hivyo, swali likiulizwa hivyo, linamweka mwokoaji peke yake mbele ya muuaji, kana kwamba hakuna watu wengine kijijini. Katika Le Chambon-sur-Lignon, kwenye nyanda za juu za Ufaransa, hali ilikuwa tofauti. Wakazi wengi walikuwa Waprotestanti, kizazi cha watu walioteswa kwa ajili ya imani baada ya Mfalme Louis XIV kuifuta Amri ya Nantes mwaka 1685, na wachungaji wao, André Trocmé na Édouard Theis, waliwafundisha kuitazama sehemu yao kama miji ya makimbilio inayotajwa katika Kumbukumbu la Torati, ambamo damu isiyo na hatia haikupaswa kumwagwa. Mashamba, shule na nyumba za wageni zilipokea wakimbizi, hati bandia zikatengenezwa, na polisi walipokuja Agosti 1942 wakimbizi wakatawanywa misituni na mashambani. Gharama ilikuwepo: mwalimu Daniel Trocmé alikamatwa mwaka 1943 pamoja na wanafunzi wake, akafia katika kambi ya Majdanek. Lakini mzigo ulibebwa na wengi, na kila nyumba iliyofunguka iliupunguzia uzito mlango uliofuata.

Ni kweli kwamba sheria ya Poland iliyokaliwa ilikuwa katili kuliko ile ya Ufaransa, na tofauti hiyo haipaswi kufichwa. Bado, inaonekana kwamba kumhifadhi anayewindwa ni wajibu wa jamii nzima kabla ya kuwa wajibu wa mtu mmoja, na kwamba wajibu huo hugeuka kuwa ushahidi wa damu pale tu wengine wanapoutupa, au kibaya zaidi, wanapowasaliti wanaoutimiza. Nchini Albania, ambako wengi walikuwa Waislamu na ambako besa, yaani ahadi ya heshima inayomfanya mgeni kuwa amana ya nyumba, iliwafunga wote, Wayahudi walikuwa wengi zaidi baada ya vita kuliko kabla yake.

Aliyefunga mlango kwa hofu ya watoto wake hawezi kuhesabiwa pamoja na msaliti, kwa maana hofu ile ilikuwa ya haki. Lakini hofu hupunguza lawama bila kuufuta wajibu. Na hata Markowa, baada ya mauaji yale yaliyokusudiwa kuwatisha wanakijiji, Wayahudi wengine waliendelea kufichwa katika nyumba nyingine hadi Wajerumani walipoondoka.