Kunyonya Pasipo Maziwa

Kukanda ni kitenzi chenye kazi nyingi. Tunakanda unga wa chapati, tunakanda msuli uliokaza, na mama aliyetoka kujifungua hukandwa kwa maji ya moto. Paka naye hukanda. Hupanda mapajani akaanza kubonyeza, mguu wa kulia kisha wa kushoto, kucha zikitoka na kurudi ndani, macho nusu yamefumba, koo likinguruma. Wengine huenda mbali zaidi: hushika pindo la kanga au kona ya blanketi na kulinyonya mpaka lilowe.

Chanzo chake hakina fumbo. Mtoto wa paka huzaliwa haoni. Macho hufunguka baada ya wiki moja au mbili. Kabla ya hapo dunia yake ni joto, harufu na chuchu. Akibonyeza tumbo la mama, maziwa hushuka. Baada ya siku chache tu huwa na chuchu yake anayoirudia, na ndugu akiisogelea, anamsukuma. Kukanda ndiyo kazi yake ya kwanza maishani, na malipo yake huja papo hapo.

Linalonisumbua ni paka wa miaka sita. Huyu anautambua mlango wa friji kwa sauti, na hajawahi kupata tone la maziwa kwenye blanketi. Anajidanganya? Na mimi ninayekaa bila kusogea, mguu umekufa ganzi, nashiriki uongo huo?

Jibu la haraka utalipata kwa yeyote anayefuga: huyo aliachishwa ziwa mapema, anamtafuta mama yake. Kwa baadhi yao huenda ni kweli. Lakini paka wa Siamese na Burmese wanajulikana kwa kunyonya vitambaa kuliko wengine, kwa hiyo ukoo nao una sehemu yake. Na paka waliokaa na mama mpaka wakamchosha nao hukanda. Nadhani tunalipenda jibu hilo kwa sababu linamfanya mnyama yatima na kutufanya sisi wafadhili.

Mwaka 1958 mwanasaikolojia Harry Harlow, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, alichapisha matokeo ya majaribio yake kwa watoto wa tumbili. Aliwatenga na mama zao, akawapa mama wawili wa bandia: mmoja wa waya, mwingine amevikwa kitambaa laini. Hata maziwa yalipotoka kwa yule wa waya, watoto walikunywa, kisha wakarudi kukumbatia kitambaa na kushinda hapo. Wasomi wengi wa wakati ule waliamini kwamba mtoto humpenda mama kwa ajili ya chakula. Tumbili wale walionyesha kwamba faraja ni njaa ya peke yake. Basi paka wa miaka sita hajakosea hesabu. Maziwa hayapo na anajua hayapo. Alichokifuata ni kile kingine.

Hapo ningeweza kupumua, kama isingekuwa namna elimu hiyo ilivyopatikana: kwa kumnyang'anya mtoto mama yake ili tuone atalilia nini. Sisi tunafanya hivyohivyo bila hata kuandika matokeo. Paka wa wiki tano hutiwa kwenye boksi la viatu akapelekwa mtaa wa pili, kwa kuwa katika umri huo anapendeza zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki walichapisha mwaka 2017 utafiti kuhusu paka karibu 6,000: walioachishwa kabla ya wiki nane walielekea zaidi kuwa wakali, na watafiti wakashauri watoto wakae na mama mpaka wiki 14.

Kiswahili kimeweka mtego mwingine hapa. Tangu enzi za Azimio la Arusha, mwaka 1967, mnyonyaji ni yule anayeishi kwa jasho la mwenzake. Kwa kipimo hicho, nani anamnyonya nani pale kwenye blanketi? Paka anatoka na mdomo mkavu. Mimi natoka nimeshiba hisia ya kuhitajika, na pengine shibe hiyo ililipiwa na mtu aliyembeba kabla ya wakati wake.

Mama paka haachishi kwa shubiri. Huinuka tu na kuondoka, kila siku mapema kidogo, au hupanda juu ya kabati wasikofika. Mimi simsukumi wa kwangu. Natandika taulo nene kwa ajili ya kucha, na sweta za sufi nimezificha, maana uzi ukimezwa unaweza kufunga utumbo.

Jirani yangu ana watoto wanne wa paka, wiki tano, na anataka waondoke kabla ya Jumamosi. Nimemwomba anivumilie wiki saba zaidi. Dagaa wa mama yao nitanunua mimi. Amecheka, akaniuliza kama nina wazimu. Bado hajanijibu.