Ukimlipa Mtu Amtunze Mama, Umemheshimu?

Vijana wenzangu, leo tukae kidogo na Amri ya Nne, ile tunayodhani tuliimaliza kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza.

Mama amezeeka, haendi tena chooni peke yake. Wewe uko Dar, kaka yako yuko Marekani, nyumbani amebaki dada yenu mmoja. Mnatuma hela, analipwa binti wa kumwogesha na kumlisha mama. Je, mmemheshimu, au mmenunua ruhusa ya kutokuwepo?

Wengi hujibu haraka: mzazi hatunzwi kwa kulipia, hayo ni ya Wazungu. Jamani, jibu hilo ni la mtu ambaye hajawahi kumgeuza mgonjwa kitandani saa nane za usiku. Matunzo ya bure hayapo. Kama hakuna anayelipa kwa shilingi, kuna anayelipa kwa miaka yake, na mara nyingi ni yule dada aliyebaki nyumbani. Ameacha biashara, ameahirisha masomo, halafu kwenye kikao cha familia anahesabiwa kuwa hachangii kitu.

Fungua Marko sura ya 7. Yesu anawakemea watu waliosema mali yao ni korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, basi wazazi wasiitegemee. Angalia vizuri: heshima anayoisema Bwana hapo si shikamoo. Ni mali, iliyopaswa kumfikia mzazi ikazuiwa kwa kisingizio kitakatifu. Kwa hiyo anayetuma hela ya dawa na pampasi asidharauliwe eti "anatuma hela tu". Anatimiza amri.

Ila haiishii hapo. Katekisimu, namba 2218, inawataka watoto waliokua wawape wazazi msaada wa mali na wa kimoyo, kadiri wawezavyo, katika uzee, ugonjwa na hata upweke. Upweke hautibiwi kwa muamala wa simu. Mama akiuliza "utakuja lini?" haombi hela.

Hela yenyewe nayo ni shida, tusidanganyane. Kenya, mpango wa Inua Jamii unawapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwaka 2016 kwa wazee wa umri huohuo, kwa kuanzia shilingi 20,000. Ni jambo jema, lakini haimlipi mtu wa kukaa na mgonjwa usiku na mchana.

Na huyo binti? Hapa ndipo mimi hukwama. Tunamtaka ampende mama kama mama yake mzazi, kisha tunatafuta wa bei rahisi kuliko wote, asiye na siku ya kupumzika wala nafasi ya kwenda Misa. Naye ana mama kwao. Ukimpunja mshahara, umeitimiza Amri ya Nne kwa kuivunja ya Saba.

Tusiogope pia neno "nyumba ya wazee". Mwaka 1839, huko Ufaransa, Mtakatifu Jeanne Jugan alimchukua bibi kipofu aliyepooza akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe. Ndipo walipoanzia Masista Wadogo wa Maskini, ambao leo wana Nyumba ya Wazee Kasarani, Nairobi, na wanaomba sadaka ili wazee wale. Kumpeleka mzee mahali pa namna hiyo, halafu ukaenda kumwona, si kumtupa. Kuna mzee ametupwa sebuleni kwa mwanawe.

Kinachonishangaza ni kwamba kamati ya harusi tunaiunda, na ya mazishi tunaiunda usiku uleule wa msiba. Ya mama aliye hai, hatuna. Basi kikao kijacho cha familia aanze kusema yule dada wa nyumbani, kabla hamjasoma orodha ya nani ametuma kiasi gani. Na kila mmoja aandike tarehe za likizo atakayokuja kukaa na mama, ili dada naye apate wiki mbili za kwenda kwake.