Vikombe vya Fedha

Katika vita ya 1914 hata 1918 hapakuwa na rubani wa eropleni aliyetajwa kuliko Manfred von Richthofen, Mjerumani, ambaye eropleni yake ilipakwa rangi nyekundu. Alizaliwa mwaka 1892 katika mji wa Breslau, uitwao sasa Wrocław. Kwanza alikuwa askari wa farasi, kisha akaingia jeshi la ndege mwaka 1915. Alihesabiwa kuwa ameangusha eropleni 80, na mwezi wa Januari 1917 alipewa nishani kuu ya nchi yake, Pour le Mérite.

Twauliza: Je, mtu wa namna hii astahili heshima kwa wale aliowaulia ndugu zao? Swali hili si la kubuni, maana watu walilijibu kwa matendo. Tarehe 21 Aprili 1918, karibu na mto Somme katika Ufaransa, risasi moja ilimpata kifuani, eropleni yake ikashuka upande wa adui zake. Umri wake miaka 25. Kesho yake maofisa sita wa ndege, Waaustralia, walilichukua jeneza lake, wakamzika Bertangles, na askari wakapiga bunduki kwa heshima.

Wako wasemao kwamba ule ulikuwa unafiki: jana mwamwinda, leo mwamwekea maua. Wengine husema ushujaa hustahili heshima hata kwa adui. Neno hili hatulipokei upesi, kwa kuwa mnyang'anyi naye huwa shujaa. Na wako wasemao kwamba askari hutii amri. Hili lina nguvu zaidi. Aliyetumwa kuwalinda wenzake vitani hahukumiwi kama mwuaji wa njiani.

Lakini viko vile vikombe. Alipokwisha kuangusha eropleni ya kwanza, tarehe 17 Septemba 1916, Richthofen aliagiza kwa sonara wa Berlin kikombe kidogo cha fedha, na tena kimoja kwa kila eropleni iliyofuata. Kila cha kumi kilikuwa kikubwa kuliko vingine. Juu yake ilichorwa namba, aina ya eropleni, hesabu ya watu waliokuwamo, na tarehe. Jina la mtu halikuchorwa. Vikafika 60, ndipo fedha ilipoadimika katika Ujerumani, sonara akaacha. Kuruka aliamriwa, kikombe hakuna aliyemwamuru. Hapo ndipo twamwona ana hatia. Hata hivyo haki yatupasa tuseme pia kwamba, kama alivyosimulia katika kitabu chake, aliweka jiwe la ukumbusho juu ya kaburi la adui wa kwanza aliyemwangusha.

Wale waliomzika waliweka juu ya jeneza lake kibao chenye jina lake. Kisha kaburi lilipigwa picha, na eropleni ya Kiingereza ikaidondosha ng'ambo ya mahandaki, pamoja na habari ya kufa kwake na kuzikwa kwake. Heshima ya namna hii twaikubali. Haikuyasifu matendo yake, wala haikumsamehe kwa niaba ya wafu. Ilimpelekea mama habari za mwanawe.

Mwaka 1925 nduguye Bolko aliichukua mifupa yake kwenda Berlin, na mwaka 1975 ikahamishiwa Wiesbaden. Wale wawili wa kikombe cha kwanza walikuwa Lionel Morris na Tom Rees, vijana wa jeshi la Uingereza, nao wamebaki Ufaransa.