Siku ya Mtu Kuzaliwa, Naye Yuko Mbali na Wazee Wake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Alhamdulillahi, na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu yangu mwenye kusoma, suali hili naliulizwa Sigi, chini ya milima ya Usambara ya mashariki, pale ilipokoma reli ya Wajerumani iliyotoka Tengeni kwa kazi ya mbao kabla ya vita vya 1914. Reli haiko tena. Nyumba ya stesheni imebaki. Muulizaji ni kijana wa Tanga afanyaye kazi katika mashamba ya chai huko juu. Baada ya kunipa shikamoo alisema:

“Maalim, juzi nimetimia miaka ishirini na mitano. Wenzangu walinipikia pilau, wakaleta na keki, wakanipigia makofi. Nalicheka nao, lakini tonge lilinikwama kooni, kwani nalimkumbuka mama. Je, nimekosa kuifanyia furaha siku hiyo? Na huzuni yangu ile, si kuikufuru neema ya Mungu na wema wa wenzangu?”

Haya ni masuali mawili, na la tatu limejificha nyuma yake. Twayajibu moja moja.

Ama la kwanza, wanavyuoni wamekhitalifiana. Wako waikataao sherehe hii kwa kuwa ni desturi ya kuigwa, na wako waionao kuwa ni ada tu, haina ubaya maadamu hapana haramu ndani yake. Sikusudii kuamua baina yao. Lakini liko jambo wasilobishana: Mtume S.A.W. alipoulizwa khabari ya kufunga Jumatatu, alitaja kuwa ndiyo siku aliyozaliwa. Basi siku hiyo si kitu bure; lenye kutazamwa ni mtu aifanyia nini. Yeye aliifanyia shukrani, tena kwa njaa, si kwa shibe.

Na uzingatie hili. Wewe siku ile ulifanya nini hatta upongezwe? Hukufanya lo lote ila kulia. Mwenye kazi siku ile alikuwa mama yako. Sura Luqman yatukumbusha kuwa alikuchukua kwa udhaifu juu ya udhaifu. Basi siku tuiitayo yetu, kwa haki ni yake, na akumbukwaye mama yake siku hiyo hakupotea njia, amemkumbuka mwenyewe.

Ama la pili, kuwa huzuni ni kukufuru: la, sivyo. Bilali alipohamia Madina akashikwa na homa, aliyatamani majani ya Makka na maji yake, wala Mtume hakumkemea. Alimuomba Mwenyezi Mungu awapendezeshee Madina kama Makka au zaidi. Nabii Yaakub macho yake yaligeuka meupe kwa kumlilia Yusuf, naye ni Nabii. Moyo haukatazwi kuuma.

Sikiliza na khabari ya Ibn Battuta, aliyefika pwani yetu hii, Mombasa na Kilwa, katika 1331. Alizaliwa Tangier mwezi 17 Rajabu mwaka 703 wa Hijra, akatoka kwao mwezi 2 Rajabu 725, na wazee wake wawili wa hai. Hesabu mwenyewe: siku kumi na tano baadaye, akiwa njiani, alitimia miaka ishirini na miwili. Kisha alipoingia Tunis watu walitoka kuamkuana, wala yeye hapana aliyemwamkua, kwa kuwa hapana aliyemjua. Akalia sana. Mmoja katika mahujaji akafahamu, akamjia kwa salamu na maneno mema, hatta akatulia. Wenzako wa pilau, mwanangu, wamefanya kazi ya haji yule. Ulipolia huku wala, hukuwakosea. Ungeliwakosea lau ungelikataa kula.

Sasa suali la tatu, nami ndimi niliyemuuliza: “Tangu lini hukwenda kwenu?”

Akasema: “Mwaka wa pili huu.”

Nalistaajabu, kwani atokaye Sigi asubuhi, akapita Muheza, yuko Tanga siku ile ile. Aliinama, akasema: “Naona haya, Maalim. Nalipoondoka nalimuahidi mama nyumba. Hatta bati moja sijanunua. Nitaingiaje mikono mitupu?”

Hapa ndipo ulipo ugonjwa, na ni ugonjwa wa wengi katika watoto wa pwani, walioko milimani na walioko Maskati na Ulaya. Haya ni katika imani. Lakini haya imzuiayo mtu na haki ya mzazi si ile iliyosifiwa. Nikamwambia: “Siku hiyo unayoisherehekea, ulipomfikia mama yako mara ya kwanza, ulikuja na nini mkononi? Hatta nguo hukuwa nayo. Naye alikupokea. Wadhani leo atakutaka bati?”

Hakujibu.

Mtu atasema: wako wasioweza, wenye kufungwa na mikataba, au bahari, au karatasi za serikali. Hao wana udhuru, na Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu ila awezalo. Wao wapige simu, walete salamu, waombe dua, na machozi yao ni subira. Lakini mwenye kuweza asiyekwenda, machozi yake ni deni asilolilipa, wala lisilipwe kwa kulia tena mwakani.

Na Ibn Battuta mwisho wake ulikuwaje? Katika 1348 alipofika Damascus aliambiwa babake amekwisha kufa tangu miaka kumi na mitano. Mwaka wa pili yake, akiwa Taza, amekaribia kwao, akapewa khabari kuwa mama naye amefariki kwa tauni. Ulimwengu mzima aliuona, na mlango wa kwao alikuta hapana wa kumfungulia.

Ndugu yangu, mto Sigi hushuka milima hii, na maji yake, kwa bwawa la Mabayani, ndiyo wanywayo watu wa Tanga. Maji ya mto yamfikilia mama wa kijana yule kila siku, mwanawe hamfikilii. Ikiwa nawe una mzazi aliye hai na nauli mfukoni, usingoje nyumba wala bati. Nenda kama ulivyozaliwa.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliochelewa, awarehemu wazee wetu waliotangulia, na awape umri mwema waliobaki. Amin.