Kiziwi na Kipenzi

Mwaka 2019 ilichapishwa Marekani riwaya ya picha iitwayo Mooncakes, maandishi yakiwa ya Suzanne Walker na michoro ya Wendy Xu. Nova, binti ajuaye uganga, anafanya kazi katika duka la vitabu la bibi zake wawili. Msituni anakutana na Tam, mwandani wake wa utotoni, ambaye hugeuka mbwa-mwitu. Penzi la zamani linachipua upya. Nova huvaa masikioni vifaa vya kumsaidia kusikia. Tam hajiiti mvulana wala msichana.

Nilijaribu kuzifasiri kurasa chache, kwa raha zangu tu. Kiingereza humtaja Tam kwa kiwakilishi kilichozoeleka kuwa cha wingi, maana umoja wake humlazimisha msemaji achague baina ya mume na mke. Kiswahili hakikuniuliza lolote. Amekuja, nikaandika. Wengi wetu tusingemkaribisha Tam sebuleni, ilhali lugha yetu ilikwisha kumtandikia mkeka kabla hajabisha hodi.

Kwa Nova kalamu ilisita. Neno lililo karibu ni kiziwi, nalo limekaa safu moja na kipofu, kiwete na kilema, katika ngeli ya kiti na kisu. Najua nitajibiwa kwamba hata kiongozi na kijana wamo humo, na kwamba husemwa kiziwi amekuja, si kimekuja. Ni kweli. Lakini kiongozi ameitwa kwa kazi yake, na kijana kwa umri upitao. Kiziwi ameitwa kwa kile anachokosa, kisha hilo likafanywa ndilo jina lake lote. Nova si huyo. Husikia, ila kwa shida. Hucheka, hukasirika, hupenda. Tena hadithi haimponyi. Katika ngano ngapi tulizokulia kilema huondolewa kabla ya harusi, kana kwamba mapenzi hayawezi kuingia nyumba ambayo haijakarabatiwa? Hapa Tam anampenda Nova na vifaa vyake masikioni.

Basi nikaandika “asikiaye kwa shida”. Kiputo cha usemi kikafurika, ikanibidi nikate maneno mengine niliyoyapenda. Mbele kidogo nikahitaji neno la huba. Nikaandika kipenzi, na ki- ile sikuifuta.