Kuchagua kwa Orodha ya Mwingine

Mtu akifuata shauri la mjuzi kisha akashindwa, lawama ni ya nani? Swali hili ni la kale, na aghalabu hujadiliwa kwa mifano mizito ya tabibu, nahodha na hakimu. Sisi tunaomba radhi ya wasomaji kulijadili kwa mfano mwepesi, tulioupata barazani huko Palma, katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Kijana mmoja alikuwa akicheza vita katika simu yake, na mjomba wake, hatua mbili kutoka hapo, akicheza bao na mzee mwenzake.

Kwa ajili ya walimu wenzetu wasioujua mchezo ule wa simu, hatuna budi kuueleza kidogo. Unaitwa Mobile Legends na ulitolewa mwaka 2016. Kabla yake, mwaka 2009, ulikuwapo mwingine wa namna hiyo uitwao League of Legends. Watu watano hupigana na watano wengine, nao hukutana kwa njia ya intaneti tu. Uwanja una njia tatu, na baina ya njia hizo upo msitu. Katika kila kundi mmoja huufanya msitu kuwa shamba lake: huwinda wanyama waliomo, hujipatia dhahabu, kisha hutokeza njiani ghafula kuwaokoa wenzake. Kwa dhahabu hiyo hununua zana, na zana awezazo kubeba ni sita tu. Hapo ndipo penye mtihani. Ngao izuiayo mapanga haizuii uchawi, na izuiayo uchawi haizuii mapanga; anunuaye makali matupu huua upesi na kufa upesi; naye ajikingaye mno hamtishi mtu. Walakini mchezaji halazimiki kujisumbua. Mchezo wenyewe humwekea orodha iliyo tayari, na akipenda aweza kunakili orodha ya bingwa fulani, ikawa kazi yake ni kubonyeza tu kila dhahabu itoshapo.

Kijana wetu ndiye aliyekuwa mtu wa msituni, na kundi lake lilishindwa. Mjomba wake akamwuliza kisa.

"Sijui, mjomba. Zana zote nimenunua kama anunuavyo bingwa."

"Huyo bingwa alipigana na hawa uliopigana nao wewe?"

Kijana akanyamaza. Baadaye alikiri mbele yetu kwamba tangu katikati ya pambano alikwisha kuona kuwa maadui wanne kati ya watano walikuwa wachawi. Ngao iliyofuata katika orodha ilikuwa ya kuzuia mapanga. Aliona hivyo, na akainunua.

Kukiri huko ndiko kulikotufanya tuandike makala haya. Lau angalisema kwamba hakuona, tungalisema ni mwanafunzi, atajifunza. Lakini kwa nini mtu atende kinyume cha macho yake mwenyewe?

Wapo watakaosema upesi kwamba kosa ni kunakili. Hatukubaliani nao. Hata bao, tunalolisifu kuwa mchezo wa akili, halijifunzwi kwa kukaa pweke na kuwaza. Mtoto huanza na bao la kujifunza, ambamo kila shimo huwekwa kete mbili, naye huiga mikono ya wakubwa mpaka mikono yake izoee. Wala watazamaji wa barazani hawajui kunyamaza. Kila mmoja anayo namna yake ya kulicheza bao lisilo lake. Kadhalika orodha ya bingwa ina mapambano mengi ndani yake, na kijana anayeidharau akiwa hajui kitu ana kiburi, tena kiburi kitakachowagharimu wenzake wanne.

Tofauti ipo mahali pengine. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji ana kete 32. Mwanzoni huweka sita katika nyumba, lile shimo ambalo mara nyingi huchongwa mraba, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo jirani. Zilizobaki 22 hukaa mkononi, naye hunamua kwa kuziingiza moja moja. Kete hizo 22 ni kama ile dhahabu ya msituni: kila moja ni chaguo, na ikishawekwa hairudi mkononi. Kisha liko suala la nyumba. Mchezaji anapokula na mwendo wake ukaishia katika nyumba yake, aweza kulala hapo, au aweza kuisafirisha, akazitawanya kete zote alizozilimbikiza. Wakati wa kusafiri haujulikani kabla bao halijafika hapo. Bingwa aweza kukueleza kwa nini jana alisafiri. Leo shimo la mpinzani lina kete tatu badala ya mbili, na maelezo yale hayana kazi tena. Mchezaji hutazama, akaamua, na baraza zima likamwona ni yeye aliyeamua.

Kijana wetu hakuonwa na mtu. Kama angaliiacha orodha akashindwa, wenzake wangalimtukana kwa kujifanya mjuaji. Alipoifuata akashindwa, alikuwa na la kusema. Kwa hiyo orodha, ambayo ilianza kama mwalimu, ilikuwa imegeuka kichaka cha kujificha. Hakuinunua ngao ile ili ashinde. Aliinunua ili asilaumiwe. Nasi twasema kwamba hapo ndipo lawama ilipomshika, kwa maana wenzake walimtegemea kwa macho yake, naye aliyafumba kwa hesabu.

Sisi walimu tusimcheke. Miaka iliyopita tulisahihisha karatasi ambamo mwanafunzi alitakiwa kukamilisha methali ianzayo kwa "haba na haba". Mwongozo wa usahihishaji ulikuwa na jibu moja, "hujaza kibaba". Mwanafunzi aliandika "hujaa kibaba". Tulijua kwamba watu husema hivyo pia, na kwamba mtoto yule yumkini alifundishwa na bibi yake. Tukaweka alama ya kosa, kwa kuwa hakuna atakayemwuliza mwalimu kwa nini alifuata mwongozo. Alama ilikuwa moja tu, lakini haikuwa yetu.

Tulimweleza mzee habari hiyo. Alicheka kidogo, kisha akatuonyesha nyumba yake katika bao, iliyojaa kete, akasema, "Hii ikiliwa, tunapanga tena." Hakuongeza neno, wala sisi hatukuuliza. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021, na watu wengi waliutoroka mji, wengine kwa vyombo baharini, wengine kwa miguu porini. Kila mwenye nyumba alilazimika kuamua asafiri sasa au angoje, na mikono yake miwili ibebe mtoto au ibebe nini. Walikuwapo waliotoa mashauri siku ile, tena mashauri yaliyopingana, lakini hapakuwa na orodha ambayo mtu angeweza kuisingizia baadaye.

Alasiri hiyo kijana alicheza tena. Mara hii maadui watatu walikuwa wachawi, naye alipofika zana ya nne aliiacha ile ya bingwa, akanunua ngao ya kuzuia uchawi. Tulimwona akisita, kidole kikiwa juu ya kioo. Kundi lake likashindwa tena, na mmoja wa wenzake, ambaye hatujui yuko nchi gani, akaandika maneno makali. Kijana alikaa kitambo akiyasoma. Kisha akamjibu kwamba ile ya nne aliichagua yeye, na kwamba anaomba radhi. Mjomba wake alikuwa amekwisha kuanza kupanga kete.